Chujio na Tumbo la Mama Mkwe

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Nimekwisha. Saa tatu asubuhi daktari wetu, Dakta Drateru, aliingia na msichana mwenye laptopu, akatangaza kwamba tangu leo picha zitachujwa na mashine. Picha zangu! Miaka miwili nimekaa kwenye kile kiti mpaka kimechukua umbo langu.

Niieleze kazi yenyewe, maana hata mke wangu Patience huwaambia watu kanisani kwamba niko "upande wa umeme". Kliniki yetu hapa Arua ina vidonge vyenye kamera. Mgonjwa anameza kimoja, kinene kuliko kidonge chochote cha minyoo, anavaa mkanda wenye kisanduku cha kupokea picha, kisha anakwenda zake kutembea. Kamera inateremka tumboni ikipiga picha kwa muda wa saa nane. Picha elfu hamsini! Nyingi hazina maana. Mapovu. Giza. Maganda ya maharage. Ukuta uleule mara mia tatu. Mimi, Simon Afedra, hukaa siku mbili nikizitupa zisizofaa, na Dakta huangalia zinazobaki. Mkoa mzima wa West Nile hakuna aliyetazama matumbo mengi kuliko mimi. Nasema bila majivuno.

Msichana anaitwa Daisy, mtu wa Omugo. Umri wake na wa viatu vyangu vya kanisani ni mmoja. Alitia kwenye mashine yake picha za mgonjwa wa wiki iliyopita, akaomba chai. Chai haijapoa, kazi imekwisha! Dakika kumi na moja. Picha elfu hamsini na mbili zimebaki mia nne na sita. Zinazofanana zimefungwa fungu moja, zenye wekundu wa kutia shaka zimewekwa mbele na kuzungushiwa duara. Nilitafuta kosa. Nikatafuta tena. Sikuliona.

Nikauliza kitu hiki kinaitwaje. Daisy akasema ni programu ya kuchuja. Nikasema basi ni chujio tu, kama la chai. Nilitaka kuidharau. Wote wakacheka, jina likaganda. Nimempa adui jina zuri.

Dakta amesema tutashindanishwa kwa wagonjwa wawili, mimi upande huu, Chujio upande ule. Atakayeona vizuri ndiye atakayechuja. Mgonjwa wa pili anakuja Jumanne ijayo. Ni Mama Margarita wa Kuluba, kule Koboko. Mama mkwe wangu.

Mama ameongezewa damu mara nne tangu Januari. Inaingia, inapotea, na hakuna ajuaye inapotelea wapi. Walimwingiza mpira wenye kamera kwa juu, wakaingiza na kwa chini. Hawakuona kitu. Dakta alinivuta pembeni akasema moyo wa mama umechoka, mahali panapovuja pasipoonekana safari hii hajui atafanya nini tena. Patience hali vizuri siku hizi.

Kwa hiyo jambo si la mchezo. Lakini kiti ni changu.

Jumanne, 9 Septemba

Nimempeleleza adui. Nilimpelekea Daisy roleksi, mayai mawili yaliyoviringishwa kwenye chapati ya moto kabisa, akanieleza kila kitu. Msichana hana siri hata moja! Anasema Chujio limefundishwa kwa picha nyingi zilizowekwa alama na madaktari: hii damu, hii povu, hii chakula. Linapima rangi, linapima umbo, linaangalia picha inatofautiana vipi na jirani yake. Nikauliza kwa upole kama linaweza kukosea. Akasema ndiyo, bila aibu yoyote. Nikauliza lini. Akasema hasa mtu asipojiandaa, tumbo likiwa chafu.

Tumbo chafu! Nikamwongezea soda.

Na bahati imenijia yenyewe. Kuna kidonge kimoja kinachokaribia kuisha muda wake, na Daisy anatafuta mtu mwenye afya wa kukimeza Alhamisi kwa majaribio. Nikajitolea kabla hajafunga mdomo. Dakta alinisifu mbele ya wafanyakazi wote, akasema nina moyo wa sayansi. Masharti: chakula cha mwisho Jumatano mchana, baada ya hapo maji tu.

Mpango wenyewe ni huu. Nitakunywa karkade, ile nyekundu ya Koboko, nzito, inayotia doa hata kikombe. Chujio litapiga kelele damu, damu, na mtu mwenyewe ni mimi, mzima kama ng'ombe. Litaaibika mchana kweupe. Na sivunji sharti. Karkade ni maji. Ni maji yaliyopitia kwenye maua.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimemeza. Kidonge kinawaka na kuzima, kinawaka na kuzima. Daisy aliniambia nisikawie kukimeza kwa kuwa kinapiga picha meno yangu.

Kabla ya kutoka nyumbani nilikula simsim nyeupe nzimanzima, ule ufuta, vijiko sita, kwa uhakika zaidi. Patience akauliza kama si leo ninapotakiwa kukaa na njaa. Nikamwambia simsim ni dawa ya koo. Karkade nilibeba kwenye chupa ya lita moja na nusu, nikaimaliza nyuma ya kliniki, kwa vituo vitatu.

Nilitembea sokoni na mkanda wangu kiunoni. Muuza viatu mmoja akaniuliza kama ni mahakama iliyonifunga kitu hicho. Nikasema ni sayansi. Akanionea huruma hata hivyo.

Jioni nilirudisha mkanda. Daisy akachukua kisanduku kwa mikono miwili, kwa adabu, akanishukuru. Nilijisikia vibaya kidogo. Si sana.

Ijumaa, 12 Septemba

Shindano limeanza! Dakta amenipa picha za mgonjwa wa kwanza. Hazina jina, zina namba tu. Nilifanya kazi ya siku mbili kwa siku moja bila kunyanyuka, hata chai nilinywea palepale.

Masikini mtu huyu. Sijawahi kuona tumbo la namna hii. Damu kila upande, nyekundu ya kutisha, imetuama kama kwenye beseni. Na kuta za utumbo zimejaa vipele vyeupe vidogo, mamia! Nilishikwa na huruma. Nikaandika ripoti: Damu nyingi mno. Vipele visivyohesabika. Hali ni mbaya. Ndugu waitwe. Hayo maneno mawili ya mwisho nikayapigia mstari.

Nilimpelekea Dakta mwenyewe. Akasoma, akaniangalia muda mrefu, akauliza ninajisikiaje. Nikasema nimeguswa sana. Akasema matokeo atayatangaza Jumatatu mbele ya watu wote.

Nimemwombea mgonjwa yule kabla ya kula.

Jumapili, 14 Septemba

Kanisani nilisimama nikaomba waumini wamkumbuke mtu fulani, jina limehifadhiwa, ambaye tumbo lake limeharibika. Wengi waliguswa. Mama mmoja alilia.

Mchana Mama Margarita alifika nyumbani kwetu kutoka Koboko. Kwetu mwanaume hamtazami mama mkwe usoni. Hampi mkono. Hali mbele yake. Ndoa yangu ina miaka kumi na tisa, na mama mkwe wangu ninamjua kwa viatu. Raba nyeupe, safi kama za gwaride. Marehemu mume wake alikuwa sajenti, na mama mpaka leo anaongea Kiswahili cha kambini.

Toka getini hadi kwenye kiti ni hatua ishirini. Raba zilisimama mara mbili njiani. Nilisikia anavyotafuta pumzi. Niliogopa, naandika ukweli.

Alipopumzika akaniita kutoka upande wa pili wa pazia. "Mukwe! Ile kidude mimi iko nameza, baadaye narudisha kwa nani?" Nikajibu, uso ukutani, kwamba hairudishwi, inakwenda na maji ya choo. Jibu halikumpendeza. "Mali ya serikali hapana potea," akasema. Nikaeleza kwamba si mali ya serikali, ni ya kliniki. Akasema mali ni mali.

Ndipo jambo lenyewe likanipiga kichwani. Jumatano nitakaa kwenye kiti changu na kuangalia ndani ya Mama Margarita! Mimi ambaye sijui hata pua yake! Nilimwuliza Patience. Akasema picha si mtu, niache ujinga. Kwake ni rahisi, ni mama yake. Nilimpigia simu baba mdogo, mzee Obitre, anayejua mila zote. Akasema uso marufuku, bafu marufuku, chakula marufuku. Kuhusu utumbo mdogo wazee hawakuacha maelekezo.

Kumwambia Dakta? Hapana. Nitakuwa nimejitoa kwenye shindano.

Jumatatu, 15 Septemba

Mgonjwa ni mimi.

Nalirudia ili niamini. Yule masikini wa Ijumaa ni mimi. Dakta alisoma ripoti mbili mbele ya wafanyakazi wote. Ya Chujio: Dalili za damu hakuna. Mabaki ya chakula mengi. Kimiminika chenye rangi, kingi. Maandalizi duni. Kisha akasoma ya kwangu, polepole, hadi "Ndugu waitwe". Akanyanyua macho akasema ndugu ndio hawa, wamekuja. Mlinzi alicheka mpaka akatoka nje.

Vipele vilikuwa simsim.

Nilimwuliza Daisy, kwa sauti ndogo, Chujio lilijuaje. Hakunicheka. Akanionyesha picha moja moja. Karkade, akasema, inapaka kila mahali sawasawa na inateremka na maji. Damu ina mahali inapotoka, na rangi yake si ile. Jicho la mtu linaona nyekundu linashtuka. Chujio halishtuki. Lilipima nyekundu yangu, likalinganisha na picha zilizotangulia na zilizofuata, likasema huyu amekunywa kitu. Limenijua kuliko mke wangu! Nilitamani kulichukia, nikashindwa. Nilibaki nikiangalia yale maduara yake madogo na kusema lo.

Mlinzi ananiita Ndugu Waitwe. Watu wa kanisani wamepiga simu kumwulizia yule mgonjwa. Nimesema anaendelea vizuri.

Jumanne, 16 Septemba

Mama Margarita amemeza. Patience anasema alisimama wima kama anaapishwa, akameza mara moja, akauliza amri inayofuata. Sharti la maji tu amelishika kuliko mtu yeyote. Alipoletewa maji aliuliza kwanza nani ameyaruhusu.

Mimi nilikuwa stoo. Raba zake nilizisikia zikipita koridoni, zikisimama, zikipita.

Jumatano, 17 Septemba

Siku mbaya. Siku nzuri. Niandike kwa mpangilio.

Saa mbili nikakaa kitini, nikafungua picha ya kwanza. Meno! Meno ya mama mkwe, na pengo upande wa kushoto! Miaka kumi na tisa, na mara ya kwanza namwona ni kwa ndani! Nikafumba macho. Nikafumbua kidogo: ulimi. Nikafumba tena.

Hapo nikapata wazo, na nililiona zuri sana. Nikaning'iniza leso mbele ya kioo cha kompyuta, nikashika kitufe cha kutupa, nikatupa. Sikutazama hata moja. Fungu baada ya fungu. Kufikia saa sita nilikuwa nimetupa picha elfu hamsini na tatu na haikubaki hata moja. Nikaandika: Tumbo safi. Heshima imezingatiwa. Nikajisemea Chujio nalo halitaona kitu, kama mipira ile miwili ya kamera, basi tutatoka sare.

Alasiri Daisy alifungua kazi ya Chujio. Zimebaki picha mia tatu themanini na nane. Tatu zina duara. Akaikuza moja. Ukuta wa waridi, na juu yake doa jekundu, dogo kama alama ya kalamu. Picha ya pili, doa na uzi mwembamba wa damu unaotoka palepale. Ya tatu, nusu ya doa, kamera imeshapita. Basi. Tatu kati ya elfu hamsini na tatu! Mle ndani kwenye utumbo mwembamba, mahali ambapo mpira wa juu haufiki na wa chini haufiki.

Dakta aliangalia, akavaa miwani, akaangalia tena, akapitia na picha za jirani zake. Yeye ndiye wa kuamua, Chujio linaonyesha kidole tu. Kisha akapiga kofi moja mezani. "Iko hapa!" Hajawahi kuongea namna hiyo kazini. Patience alikuwa mlangoni, akakaa chini sakafuni akalia.

Nililia na mimi. Kitu kisicho na macho kimekaa na picha elfu hamsini na tatu, hakikuchoka, hakikusinzia, hakikuona haya, kikaleta tatu! Nilikipenda. Nilimpenda na Daisy, kama mwanangu.

Halafu nikaenda kwenye pipa langu la picha zilizotupwa, nikatafuta zile namba tatu. Zilikuwemo. Zote tatu nilikuwa nimezitupa kwa mkono wangu. Kama ningekuwa peke yangu kwenye kiti kile, mama angerudi Kuluba na karatasi inayosema tumbo safi.

Nikamwambia Dakta kila kitu, na leso nikamwonyesha. Hakupandisha sauti. Akasema ningemwambia Jumatatu ile ya kwanza angeweka mtu mwingine kitini kwa siku moja, ingekuwa imekwisha. Nilitamani anitukane.

Alhamisi, 18 Septemba

Mama ameelezwa. Anapelekwa hospitali kubwa Kampala, wana mpira mrefu wa kufika kwenye lile doa na kulichoma. Akauliza nani aliyemwangalia ndani. Dakta, mtu wa kweli kupita kiasi, akamweleza yote, hadi leso.

Mimi nilikuwa nyuma ya mlango nikingojea hukumu. Halafu nikasikia: "Mukwe yangu hapana angalia? Hata moja?" Dakta akasema hata moja. "Hiyo ndio adabu. Mutu ya namna hii iko kidogo sana siku hizi." Dakta akajaribu kusema kwamba adabu hiyo ingemwua. Mama akamkata. "Ndio sababu Mungu analeta mashini. Mashini hapana kuwa na mama mukwe. Wacha iangalie."

Mashine haina mama mkwe! Daisy ameiandika kwenye karatasi akaibandika juu ya meza yake.

Ijumaa, 3 Oktoba

Mama amerudi kutoka Kampala. Doa limechomwa. Damu yake imepimwa mara mbili tangu siku hiyo, haijashuka. Leo alikuja kliniki. Nilisimama stoo nikahesabu raba kutoka getini: hatua arobaini, hazikusimama hata mara moja! Nilipiga makofi peke yangu kati ya maboksi ya glavu.

Alikuwa na vitu vitatu. Cha kwanza ni jogoo, wa kumshukuru aliyeona doa. Alisisitiza afungwe kwenye mguu wa meza ya Chujio lenyewe, siyo kwa mtu. Jogoo amewika asubuhi nzima. Daisy anasema hajawahi kupata sifa kubwa namna hiyo.

Cha pili kilikuwa kimefungwa kwenye gazeti, ndani ya kitambaa, ndani ya kopo la majani ya chai. Kidonge! Alikingoja siku mbili, akakitoa, akakiosha kwa sabuni na majivu mpaka kinang'aa. Akataka asainiwe kwamba amekirudisha kikiwa kizima. Dakta akachukua karatasi, akaandika, akasaini, akagonga muhuri. Halafu Dakta Drateru, mwenye shahada tatu, akampigia saluti. Mama akairudisha. Mlinzi naye akapiga.

Cha tatu ni changu. Chupa mbili za karkade, alizopika mwenyewe, kwa mkwe mwenye adabu.

Na kiti? Chujio ndilo linachuja. Lakini Dakta amenipa kazi mpya. Katika kila picha mia zinazotupwa na Chujio, mimi nakagua moja, nione kama halijatupa kitu cha maana. Anasema hata mashine nzuri lazima iwe na mtu nyuma yake, na kwamba mtu aliyewahi kutupa vibaya anajua vibaya vinafananaje. Ndugu wa mke nimekatazwa kuwagusa. Nimefurahi sana. Ukitazama vizuri, mimi sasa ni mkubwa wa Chujio. Nimeagiza kadi mia moja: Simon Afedra, Msimamizi Mkuu wa Mashine. Watu wa Vurra mpakani wameshaambiwa kwamba nilishiriki kuifundisha.

Daisy anatafuta mtu wa kumeza kidonge kingine cha majaribio Jumatatu. Nimeshajitolea. Ananiangalia kwa wasiwasi, simwelewi. Safari hii sina hila yoyote, nataka tu Chujio liandike maandalizi bora, niitundike ripoti ukutani. Amerudia masharti mara tatu na kunifanya nisaini. Maji tu.

Tatizo ni moja, zawadi ya mama mkwe haikataliwi, na karkade ya chupa haikai zaidi ya Jumatatu. Lakini nimefikiria. Mara ya kwanza niliinywa na maua yake. Hapo ndipo nilipokosea.

Safari hii nitaichuja kwanza.